Soko Si Sokoni: Jina Moja Adimu na Safari Yake Hadi Nakapanya

Darasa la kidato cha pili nililopangiwa wakati wa mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya Nakapanya, lilikuwa na wanafunzi 58. Daftari la mahudhurio lilijaa majina ya kwetu: Saidi, Rashidi, Issa, Athumani, Mohamedi, Hassani. Ukiita Rashidi wanaitika watatu, na kati yao kuna ambaye Rashidi ni jina la baba yake, si lake. Katikati ya orodha hiyo kulikuwa na mtoto mmoja tu ambaye jina lake la mwisho ni Soko. Kila asubuhi nikifika kwake, sauti inatoka nyuma ya darasa: "Nyanya fungu shilingi ngapi?" Darasa zima linacheka. Mimi nanyamazisha, kesho yake wanarudia, safari hii ni dagaa.

Wiki ya tatu mtoto alinifuata nje ya ofisi ya walimu. "Shikamoo madam. Naomba kwenye usajili niandikwe jina la babu mzaa mama. Hili la Soko silitaki." Usajili aliousema ni ule wa upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, na mwalimu wa taaluma alikuwa ameshatangaza kwamba orodha inafungwa wiki inayofuata.

Ndugu msomaji, kama nawe umewahi kujaza fomu ya mkopo unajua jambo hili si dogo. Hapa chuoni kila mmoja wetu anamfahamu mtu ambaye bumu lake lilichelewa kwa sababu ya herufi moja: cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cha kidato cha nne kinasema Mohamed. Sasa fikiria mtoto anayebadili jina zima katikati ya safari. Kabla sijamjibu niliona nijue kwanza jina lenyewe ni nini. Nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili, na hapa masomo yote mawili yalikuwa yananihusu.

Kwa wasioijua Nakapanya: iko wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, kwenye barabara iendayo Masasi. Nikiulizwa kwetu wapi huwa najibu Songea, maana wengi wakisikia Ruvuma kichwani mwao ni Songea tu, ingawa kutoka Songea mjini hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 200. Na nikitaja Nakapanya lazima atokee wa kuniuliza habari za panya. Huyo huwa namwambia aangalie kwanza majirani zetu: Nalasi, Nampungu, Namasakata, Nakayaya. Hiyo Na- ya mwanzo ndiyo desturi ya majina ya mahali upande wetu. Ukikata kipande kimoja cha jina na kukitafsiri kwa Kiswahili, utapata kicheko, historia hutaipata. Na Soko naye alikuwa anachekwa kwa mtindo huohuo.

Soko ni nani

Kwa Washona wa Zimbabwe kila mtu ana mutupo, yaani mnyama, au kiungo cha mnyama, ambacho ukoo umejitambulisha nacho tangu enzi za mababu. Kuna watu wa Shumba, yaani simba. Kuna wa Nzou, yaani ndovu. Kuna wa Moyo, na moyo huo ni huuhuu tunaoujua sisi. Na kuna watu wa Soko, ambao mnyama wao ni nyani na kima. Mtu wa Soko kwa desturi hali nyama ya mnyama huyo, na haoi wala haolewi na wa Soko mwenzake, hata kama hawajawahi kuonana. Jambo hili si geni kwa majirani zetu wa kaskazini pia: Waganda wana koo zao zenye miiko, mmojawapo ukiwa ukoo wa Nkima, yaani kima huyohuyo.

Ndani ya Soko kuna matawi, na kila tawi lina jina lake la sifa: Mukanya, Murehwa, Vhudzijena. Jina hilo la sifa ndilo anapewa mtu unapomshukuru au kumsalimu kwa heshima. Wapenzi wa muziki watamkumbuka Thomas Mapfumo, mwanamuziki wa chimurenga, ambaye mashabiki wake wanamwita Mukanya. Wengi hudhani ni jina la kisanii kama wanavyojiita wasanii wetu wa bongo fleva. Hapana, ni heshima ya ukoo wake, Soko Mukanya. Lakini tazama jina lake la mwisho: ni Mapfumo, Soko halipo hapo. Kule Zimbabwe watu wengi Soko wao anaishi nje ya karatasi, kwenye salamu, kwenye ndoa, kwenye misiba. Kwa Wangoni lilipanda kwenye karatasi likawa jina la ukoo, na ile miiko ikabaki nyuma. Ni neno lilelile, ila kazi yake imebadilika.

Kwa hiyo Soko wa darasani kwangu, kwa maana ya jina, hahusiani na nyanya wala dagaa. Lilifikaje huku? Hapo inabidi turudi kwenye mada ambayo wengi wetu tuliikariri kidato cha pili bila kuielewa: safari ya Wangoni.

Mwanzoni mwa karne ya 19, huko kusini mwa Afrika, vita vilivyoambatana na kukua kwa dola ya Wazulu chini ya Shaka vilisukuma makundi mengi kuelekea kaskazini. Kundi moja liliongozwa na Zwangendaba, wa ukoo wa Jere. Walipita katika nchi ya Washona, wakapigana na dola ya Warozvi, na mwaka 1835 wakavuka mto Zambezi. Wakaendelea kupitia maeneo ambayo leo ni Zambia na Malawi hadi Ufipa, ambako Zwangendaba alifariki mwishoni mwa miaka ya 1840. Baada ya kifo chake msafara ukagawanyika. Wengine walirudi kusini na kukaa Mzimba, Malawi, wengine upande wa Chipata, Zambia. Kundi lililoongozwa na Zulu Gama lilizunguka na kufika Songea, ambako lilikuta Wangoni wengine wa Maseko waliotangulia kwa njia nyingine. Walipigana, Maseko wakaondoka, na nchi ikabaki na falme mbili: Njelu chini ya akina Gama na Mshope chini ya akina Tawete.

Vitabu vya shule husimulia haya kana kwamba ni watu walewale waliotoka Natal wakatembea mpaka Songea. Haikuwa hivyo, na haingewezekana. Safari ilichukua zaidi ya miaka 20. Waliokuwa vijana mwanzoni walikuwa wazee mwishoni, kama walikuwa bado hai. Jeshi lilikua kwa kuteka na kupokea watu wa kila nchi lililopita: Watsonga, Washona, Wansenga, Watumbuka. Vijana waliingizwa kwenye vikosi, wanawake wakaolewa, na watoto wao wakazaliwa Wangoni. Kwa hiyo unapomkuta mtu wa Soko au wa Moyo Mzimba, ukamkuta tena Songea, na ukakuta miutupo ya jina hilohilo Zimbabwe, maelezo yanayokaa vizuri ni kwamba jina liliingia msafarani kusini mwa Zambezi, likatembea nao, kisha likagawanyika pamoja nao.

Lugha ilikufa, jina likabaki

Kinachonishangaza mimi zaidi ni hiki. Wangoni wa mwanzo walizungumza lugha ya jamii ya Kizulu. Chingoni cha Songea cha leo si lugha hiyo. Kiko karibu na Kindendeule, Kimatengo, Kipangwa na Kibena, lugha za watu waliokuwepo. Mama walikuwa wenyeji, watoto wakasema lugha ya mama, na ndani ya vizazi vichache lugha ya watawala ikaisha. Vilibaki vyeo, kama nkosi na nduna, na yakabaki majina ya koo. Mzulu wa leo akisoma orodha ya wanafunzi wa Songea atakuta maneno anayoyaelewa ambayo wenye majina hawayaelewi. Zulu kwake ni mbingu. Nyoni atasikia ndege.

Kwa sababu lugha ilipotea, Kiswahili kikaja kujaza pengo kwa kubahatisha. Chukua jina Tembo. Kila Mtanzania anaona mnyama mwenye mkonga. Lakini kwa Washona, miongoni mwa miutupo yao, Tembo ni pundamilia! Kwa hiyo inawezekana kabisa ukawa na rafiki anaitwa Tembo, mmemtania miaka mitatu hosteli kwa sababu ya unene wake, na mababu zake walijinasibu na mnyama wa mistari. Moyo ni mwenye bahati, kwa sababu neno ni moja pande zote. Soko ndiye aliyekosa bahati. Angekuwa na jina lisilo na maana yoyote kwa Kiswahili, hakuna ambaye angemgusa.

Komba nao hutaniwa kwa yule mnyama wa usiku anayelia juu ya miti, lakini akina Komba ni wengi mno hata utani hauwaumi. Simama stendi ya Songea ita Komba, au Haule, au Ngonyani, au Mapunda, utageukiwa na nusu ya abiria. (Natia chumvi, lakini si nyingi.) Wingi unalinda. Jina linalobebwa na wengi halihitaji kujieleza, ila adimu linaulizwa kila siku, na mwenye nalo ni mtoto wa miaka 15 asiye na jibu.

Je, basi kila mwenye jina Soko ni Mshona, kila Gama ni mtu wa Kusini? Hapa naomba tuwe waangalifu, maana nimesikia watu wakijenga hoja kubwa za damu juu ya jina. Ndani ya jamii ya Wangoni wa Songea palikuwa na tofauti kati ya wale waliojiita Wangoni wa asili na wale walioingizwa baadaye, walioitwa sutu. Lakini mtekwa aliyelelewa kwenye nyumba ya bwana mkubwa angeweza kuchukua jina la nyumba hiyo, na mwingine akabaki na lake. Mtu shujaa alipanda cheo bila kujali alikotoka. Ilipofika vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, watu wa asili zote walipigana upande mmoja, na Wajerumani waliponyonga viongozi pale Songea mwaka 1906 hawakuuliza nani sutu na nani siyo. Nduna Songea Mbano alikuwa mmoja wa walionyongwa. Mji unaitwa kwa jina lake la kwanza. Jina la ukoo, Mbano, halipo kwenye ramani.

Nionavyo mimi, jina la ukoo linakueleza njia ambayo jina limepita. Damu ni habari nyingine.

Che Soko wa Nakapanya

Jumamosi moja nilikwenda kwao mtoto. Baba yake alikuwa shambani kwenye mikorosho, nikamkuta bibi yake mzaa baba, anapepeta mchele. Baada ya salamu nilimweleza kilichonileta. Alicheka kwanza. Mumewe marehemu, Che Soko kama alivyomtaja kwa heshima ya Kiyao, alikuja kutoka upande wa Songea akiwa kijana, amefuata kazi ya barabara. Akamwoa yeye, na kwa desturi ya Wayao akajenga kwao mke, akaishi hapo kama mkamwini, mkwe aliyehamia kwa wakwe, mpaka alipozikwa. Watoto wakaandikwa kwa jina lake shuleni. Nyumbani walihesabiwa watu wa upande wa mama.

Nikamuuliza kama mumewe alikuwa na mnyama ambaye hamli kwa sababu ya ukoo. "Mwanangu," akasema, "kima hapa nani anakula? Sote Waislamu." Ndiyo basi. Mwiko wa ukoo na mwiko wa dini ulipokutana, ule wa kwanza haukuwa na kazi tena, na hakuna aliyegundua ulipoondoka.

Hilo la kuhesabiwa upande wa mama linahitaji maelezo kidogo kwa wasiotoka kwetu. Kwa Wayao wa asili, urithi na uongozi vilifuata mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya dada zake na watoto wao, kundi linaloitwa mbumba. Mpwa ndiye aliyemrithi mjomba, na machifu walirithi hata jina: aliyekalia kiti cha Mataka alikuwa Mataka, wa kwanza, wa pili na kuendelea. Yaani jina lilikuwa la kiti, si la mwili. Padre Yohanna Abdallah, Myao aliyeandika historia ya watu wake kwa Kiyao, kitabu kilichochapwa mwaka 1919 kwa jina Chiikala cha Wayao, anaeleza kwamba jina la Wayao lenyewe limetoka kwenye kilima kiitwacho Yao, huko ng'ambo ya Ruvuma. Na mtazame mwandishi huyo: padre wa Kianglikana, jina la kwanza la Kikristo, la mwisho la Kiarabu, na kitabu cha Kiyao. Sijui fomu za leo zingemweka kundi gani.

Uislamu ulipoenea kwa Wayao mwishoni mwa karne ya 19 ulikuja na utaratibu wake wa majina: jina lako, la baba, la babu. Ndiyo tunaoutumia mpaka leo Tunduru. Jina langu la mwisho ni la babu mzaa baba. La shangazi yangu, dada wa baba tumbo moja, ni la baba wa babu huyo. Kwenye fomu inayodai jina la ukoo, mimi na shangazi ni watu wawili wasiohusiana. Watoto wa kaka yangu watakuwa na jina lingine tena. Kila kizazi jina la mwisho linasogea hatua moja, kama foleni, na la mbele linatoka.

Swali ambalo mwanafunzi wa Historia anapaswa kujiuliza ni kwa nini Songea majina ya koo yaliganda wakati Tunduru yanatembea. Sehemu ya jibu ni kwamba Wangoni walikuwa tayari na majina ya ukoo yanayofuata baba. Wazulu wanaliita jina hilo isibongo, neno linalotokana na kusifu na kushukuru. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni vitabu vya misheni. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na kwenye kitabu cha ubatizo mtoto aliandikwa jina la Kikristo pamoja na la ukoo. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kudai kodi ya nyumba katika koloni lao, na mdai kodi hapendi jina linalobadilika. Upande wetu mtoto alisoma madrasa, na shehe alimjua kwa baba yake. Hakuna kitabu kilichomtaka awe na jina la tatu lisilosogea.

Tusidhani kwamba utaratibu wa kuganda ndio wa kawaida duniani na wetu ndio wa ajabu. Waingereza wenyewe, ambao fomu zao ndizo tulizorithi, hawakuwa na majina ya ukoo ya kurithi kabla ya Wanormani kuwateka mwaka 1066. Yalienea polepole, na kufikia karibu mwaka 1400 wengi walikuwa nayo. Smith alikuwa mhunzi kweli, Taylor mshonaji, Hill alikaa kilimani, Johnson baba yake aliitwa John. Walipokuja wajukuu wasiofua chuma bado wakaitwa Smith. Uturuki ilisubiri sheria ya mwaka 1934 ndipo kila raia akalazimika kuwa na jina la ukoo. Na Iceland, nchi tajiri yenye kila aina ya kompyuta, mpaka leo wengi wanatumia jina la baba au mama: binti wa Jón ni Jónsdóttir, na kaka yake ni Jónsson. Mambo yao yanakwenda.

Hata hapa nyumbani, jina Nyerere halikuwa la ukoo. Lilikuwa jina la mtu mmoja, chifu wa Wazanaki, aliyezaliwa wakati viwavi wamevamia mashamba, na Nyerere kwa Kizanaki ni kiwavi. Mwanawe Kambarage akaenda shule, jina la baba likaandikwa la mwisho, likaganda. Leo wajukuu na vitukuu wanalibeba na hakuna anayewacheka. Naye Shaaban Robert, ambaye asili ya ukoo wake inatajwa kuwa ni Uyao, alibeba jina la baba yake, na likatokea kuwa la Kizungu. Mwislamu, Mswahili wa Tanga, malenga wetu mkubwa, na jina la mwisho ni Robert! Angekuwa darasani kwangu sijui wangemfanyia utani gani.

Kuhusu usajili

Nilimrudia mtoto nikamweleza mambo mawili. La kwanza lilikuwa la karatasi. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Soko, rekodi zake za darasa la saba zinasema Soko. Akibadili sasa bila utaratibu, vyeti vyake vya mbele havitaongea na vya nyuma, na siku anaomba mkopo au kitambulisho cha taifa ataanza safari ya viapo kwa wakili. Mtu mzima anayetaka kubadili jina ana njia ya kisheria ya kufanya hivyo, na ni haki yake. Lakini haifanywi kwa kufuta kwenye orodha wiki ya mwisho kwa sababu ya kicheko. La pili lilikuwa la Soko mwenyewe, kima, Zambezi na yote hayo. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo babu hakuwa muuza soko?" Nikamwambia hata kidogo. Akaondoka, na siku ya kuhakiki majina aliandikwa kama cheti kinavyosema.

Somo la safari ya Wangoni nililifundisha wiki hiyohiyo, kwa Kiingereza kama sera inavyotaka, na kwa Kiswahili kila waliponitolea macho. Nilichora njia ubaoni na kila kituo nikaweka jina la ukoo badala ya tarehe. Jere, Moyo, Soko, Gama, Komba. Walioweza kukumbuka njia kwenye jaribio walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Utani haukuisha, ila ulibadilika: walianza kumwita Mukanya. Hilo hakulikataa.

Wenzangu tunaosomea ualimu, wengi wetu mwaka kesho tutakuwa na madaftari ya kuandika. Jina unaloandika siku ya kwanza kwa haraka, kwa kusikia tu, ndilo litakalomfuata mtoto mpaka kaburini. Omba cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, muulize mzazi, si mtoto, na muulize majina yote matatu kwa mpangilio. Usimrekebishie Athumani kuwa Othman kwa sababu umeona ndiyo sahihi zaidi. Na kwa mtoto wa kwetu, usishangae mdogo wake kuwa na jina la mwisho tofauti na la mjomba au shangazi.

Na kwa yeyote mwenye jina adimu ambalo kila mtu analicheka, ukienda likizo usianze kwa kuuliza "jina letu maana yake nini," maana utajibiwa kwa Kiswahili cha leo. Uliza babu wa babu alitoka wapi na alikuja kufanya nini. Uliza nyumbani hawali nini, na ukiambiwa ni kwa sababu ya dini, uliza kabla ya dini walikuwa hawali nini. Uliza ukoo gani hamruhusiwi kuoana nao. Uliza bibi mzaa mama alizaliwa kwa nani, na mama yake kwa nani, hata kama fomu haina nafasi ya kuyaandika.